Majanga yanayoshikana mikono: namna ya kuyapima na kuyapunguza katika kata za Dodoma

Lambo likichimbwa kijijini bila utoro wa maji (njia ya pembeni ya kutolea maji yanayozidi), ukame umepunguzwa na mafuriko yameongezwa siku hiyohiyo. Mabati yakiezekwa mahali pa udongo wa tembe (nyumba ya asili yenye paa bapa la udongo) ili nyumba isivuje, halafu paa lisifungwe kwenye ukuta, mvua imezuiwa na upepo umekaribishwa. Ndiyo maana kata ya Dodoma haipaswi kuwa na mpango wa ukame peke yake, wa mafuriko peke yake na wa kipindupindu peke yake. Yote yapimwe kwa pamoja, na kila dawa iulizwe itazua ugonjwa gani mwingine.

Mwongozo huu ni kwa wajumbe wa kamati za usimamizi wa maafa za kata na kijiji, ambazo zipo kwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, pamoja na maafisa ugani, watendaji na mafundi wanaofanya kazi nao. Vifaa ni vichache: daftari kubwa, tepu ya mita 50, kamba, miti mitatu, kopo la bati, simu yenye ramani, na watu wanaokijua kijiji kwa miguu.

Anza na maji, siyo mipaka ya kata

Kabla ya kuorodhesha janga lolote, jua maji ya kata yenu yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Mkoa wa Dodoma humwaga maji pande tatu. Upande wa mashariki yanashuka Kinyasungwe kuelekea Wami. Kusini yanaingia bwawa la Mtera kupitia Kizigo na mito midogo. Magharibi mto Bubu unaishia kwenye kinamasi cha Bahi, hauendi baharini. Kata ya Bahi inaweza kufurika siku ambayo kwao hakujanyesha tone, kwa sababu mvua ilipiga Kondoa.

Reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe inaonyesha jambo hili vizuri. Imekatwa na mafuriko mara nyingi, ikiwamo kati ya Desemba 2009 na Januari 2010. Tuta la reli likijengwa upya pale pale, tatizo halijaguswa, kwa maana sehemu kubwa yake ni mchanga unaoshuka kutoka vilima vya Mpwapwa, unaujaza mto hadi kitanda chake kinapanda na maji yanatafuta njia nyingine. Kwa hiyo kwenye ramani yenu pakeni rangi bonde zima linalowaletea maji, hata kama nusu yake iko kata jirani, na mwenyekiti wa kitongoji cha huko juu aitwe kikaoni tangu siku ya kwanza.

Kalenda ya mwaka mzima

Chora mistari kumi na miwili kwa miezi, halafu weka kila janga kwenye miezi yake. Kwa sehemu kubwa ya Dodoma msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni takribani milimita 550 hadi 600. Ni mvua chache, lakini hazinyeshi kidogokidogo. Siku tatu au nne za mvua kali zinaweza kubeba robo ya mwaka mzima.

Ukishaijaza, kalenda huonyesha mambo ambayo orodha huyaficha. Agosti hadi Oktoba ni moto wa misitu na mashamba, upepo, na visima kushuka. Mvua za kwanza hukuta ardhi tupu na vyoo vilivyojaa. Januari na Februari mvua hukatika kwa siku kumi au zaidi, mtama ukiwa unachanua au mahindi yakitoa mbelewele. Machi na Aprili udongo umeshiba maji, hivyo mvua ya milimita 30 inaleta mafuriko ambayo Desemba yangehitaji milimita 60. Mei na Juni ni mavuno na ndege aina ya kwelea kwelea, na mvua ikichelewa kuondoka, nafaka inaingia ghalani ikiwa mbichi.

Tetemeko la ardhi halina mwezi. Liandikwe kwenye miezi yote kumi na miwili, kwa sababu mkoa huu uko kwenye mkondo wa mashariki wa Bonde la Ufa na una nyufa za ardhi zinazojulikana, kama zile za Bubu na Hombolo. Tetemeko la tarehe 4 Novemba 2002, lenye ukubwa wa karibu 5.5, lilitikisa mji na kuacha nyufa kwenye majengo, likiwamo la Bunge. Kamati nyingine husema tetemeko ni la Wakagera. Hapana. Tena swali linalofaa siyo kama litakuja, bali likija Februari wakati kuta za tofali za udongo zimelowa, zitasimama?

Jedwali la kukutanisha

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Andika majanga yote yakishuka upande wa kushoto, kisha yaleyale yakipita juu. Kwa kila kisanduku ambapo mawili yanakutana, uliza maswali manne:

1. Je, la kwanza linalianzisha la pili?
2. Halilianzishi, lakini linalizidisha?
3. Yanaweza kuja kwa wakati mmoja, yakagombea watu na fedha zilezile?
4. Tunachokifanya kuzuia la kwanza, kinalichochea la pili?

Toa alama 0 hadi 3 kwa kila swali. Sifuri ni hakuna, moja ni kidogo, mbili ni wazi, tatu ni kila likitokea. Msibishane juu ya moja na mbili. Bishaneni juu ya sifuri, kwa sababu ndipo kosa hujificha.

Chukua kisanduku cha ukame na mafuriko. Watu hudhani hivi viwili ni maadui, kimoja kikiwapo kingine hakipo. Mwaka wa ukame mifugo humaliza majani hadi mizizi, na familia iliyokosa mavuno hukata miti ichome mkaa ipate fedha ya unga. Udongo mwekundu wa Dodoma ukibaki uchi, matone ya mvua ya kwanza huupiga na kuufunga kwa utando mgumu. Sukuma kisu siku ya pili baada ya mvua hiyo: sentimita moja ya juu ni ngumu kama sahani, na chini yake vumbi kavu. Maji hayakuingia. Yalikimbia, yakakata korongo, yakaenda kumfurikisha mtu wa bondeni. Swali la 2 linapata alama 3. Na swali la 4 je? Mkaa ulikuwa dawa ya ukame. Nalo alama 3.

Ukame na sumukuvu hukutana pia, na wengi hawalijui hili. Mahindi na karanga zilizopata shida ya maji shambani huingiwa na kuvu kwa urahisi zaidi, na zikihifadhiwa na unyevu, kuvu hutoa sumu. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kinachotisha ni kwamba mwaka wa njaa mtu hatupi mahindi yaliyooza, anayapepeta na kuyasaga.

Wagogo wanalo kumbukumbu zito zaidi la kisanduku cha swali la 3. Njaa ya Mtunya, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, mvua zikakosekana, na mafua makubwa ya 1918 yakawakuta watu wameshadhoofika. Lolote kati ya hayo lingekuja peke yake, kungekuwa na pa kupumulia.

Kupima korongo moja mpaka ulijue

Msipime kata nzima kwa macho. Chagueni korongo moja linalotishia watu, mlipime sawasawa, na mengine mtayaona kwa kulinganisha.

Kwanza tafuta alama ya maji ya juu kabisa: takataka zilizonasa kwenye matawi, mstari wa tope kwenye ukuta wa choo, uso wa jiwe uliobadilika rangi. Uliza angalau watu watatu wa nyumba tofauti, kila mmoja peke yake, maji yalifika wapi na mwaka gani. Wakiulizwa pamoja watakubaliana na mzee wa kwanza kusema. Piga msumari kwenye mti au paka rangi kwenye nguzo katika urefu uliothibitishwa.

Pili, kadiria maji yatakayokuja. Pima eneo la bonde kwa hekta kwenye ramani ya simu. Zidisha mgawo wa mtiririko (sehemu ya mvua inayokimbia juu ya ardhi badala ya kuzama) kwa mvua ya milimita kwa saa, zidisha kwa hekta, gawanya kwa 360. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Mgawo ni karibu 0.5 kwa ardhi iliyochakaa yenye mteremko, 0.2 au 0.3 penye nyasi nyingi, na 0.8 penye mabati, lami na ua wa saruji. Bonde la hekta 40 lililochakaa, mvua ya milimita 60 kwa saa: 0.5 × 60 × 40 ÷ 360, yaani 3.3. Kalvati la bomba la milimita 900, maji yakipita mita 2 kwa sekunde, hupitisha takribani 1.3. Hapo yanahitajika mabomba matatu, na ukikuta moja, umeshajua barabara itakatika wapi na zahanati itafikiwaje.

Hesabu hii inatosha kwa mabonde madogo, tuseme chini ya hekta 80. Zaidi ya hapo mwite mhandisi. Kosa linalotokea sana ni kutumia mgawo wa zamani. Pembezoni mwa Jiji la Dodoma, mahali palipokuwa shamba la uwele pamejaa nyumba na barabara, na bonde lililokuwa na 0.3 sasa lina 0.6. Mvua ileile, maji maradufu, na kalvati ni lile la zamani.

Tatu, weka kipima mvua. Kopo la maziwa ya unga lenye kuta zilizosimama wima linatosha, likifungwa kwenye nguzo mbali na paa na miti, angalau umbali mara mbili ya urefu wa kitu kilicho karibu. Soma kwa rula kila siku saa 3 asubuhi, andika, mwaga. Shule ya msingi ni mahali pazuri, lakini mpangieni mtu wa kusoma wakati wa likizo ya Desemba, maana ndipo mvua huanza.

Nani yuko njiani

Pita nyumba kwa nyumba katika maeneo mliyopaka rangi. Usijaze fomu ya kurasa tano. Andika umbali hadi ukingo wa korongo, aina ya ukuta na paa, choo kiko wapi kulingana na kisima, chakula kilichopo kitafika mwezi gani, nani hawezi kukimbia peke yake, na kama kuna simu inayowaka usiku. Nyumba iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto iandikwe kando, kwa sababu Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya umbali huo.

Ukifika kwenye kujumlisha alama, usizijumlishe. Kata yenye ukame 9 na mafuriko 2 haifanani na yenye 6 na 5, ingawa zote ni 11. Badala yake tafuta mafundo: kitu kimoja ambacho majanga matatu au zaidi yanakipiga. Mara nyingi ni kisima cha bondeni (hukauka Oktoba, hufunikwa na mafuriko Januari, huleta kipindupindu Februari), kivuko cha kwenda zahanati, au ghala. Fundo ndilo la kwanza kupewa fedha, hata kama siyo linalolalamikiwa zaidi mkutanoni.

Kazi za ardhini

Shika kwanza kazi zinazopunguza majanga mawili au zaidi kwa jembe moja. Makingamaji ya nusu duara ni ya namna hiyo: yanazamisha maji (ukame), yanapunguza mbio zake (mafuriko), yanarudisha nyasi (malisho).

Ili kupata usawa wa ardhi, tengeneza fremu ya A kwa miti miwili ya mita 2 na mmoja wa kukatiza, na uzi wenye jiwe ukining'inia kutoka kileleni. Isimamishe, weka alama uzi unapogusa mti wa katikati, geuza miguu, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Usiruke hatua ya kugeuza. Kwa fremu hiyo tafuta ncha mbili zilizo sawa kabisa, umbali wa mita 5. Kutoka katikati yake, kwa kamba ya mita 2.5, chora nusu duara upande wa bondeni. Chimba ndani sentimita 30 hivi, udongo wote uwekwe kwenye mzunguko wa chini na ushindiliwe kwa miguu. Mstari unaofuata upishane na wa kwanza, kama tofali za ukuta.

Anza juu ya mteremko ukishuka. Ukianza chini, mvua moja ya usiku itafuta kazi ya wiki. Ncha moja ikiwa chini kwa sentimita tano tu, maji yote yatatokea hapo, yatakata tuta, yataongezeka nguvu na kuvunja linalofuata. Ukikuta safu nzima imevunjika, usitengeneze la mwisho, litafute la kwanza lililo juu. Mteremko ukizidi asilimia 5, acha nusu duara, tumia matuta ya fanya juu (mfereji wa sentimita 60 kwa 60, udongo ukirushwa juu) au mistari ya mawe. Kwenye mbuga ya udongo mweusi unaopasuka, usichimbe kabisa.

Pamoja na hilo, fanyeni kisiki hai. Visiki vingi mashambani bado vina uhai. Chagua machipukizi mawili hadi matatu yenye nguvu, pogoa mengine, funga kitambaa watu wajue yanatunzwa. Ni rahisi kuliko miche ya kununua, ambayo ukame wa kwanza unaiua. Kuhusu mifugo, Kondoa inatufundisha pande zote mbili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973, mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka mwaka 1979, na makorongo yakaanza kuota. Lakini ng'ombe wanaoondolewa mahali fulani huenda kula mahali pengine. Zuio la malisho lisilosema mifugo itakwenda wapi ni kumhamishia jirani janga.

Lambo, sasa. Utoro uchimbwe kwenye ardhi ya asili pembeni, kamwe usipite juu ya tuta. Kwa mtiririko ule wa 3.3, maji yakipita kwa kina cha nusu mita, utoro unahitaji upana wa karibu mita 6. Kilele cha tuta kiwe angalau mita 1 juu ya sakafu ya utoro. Pandeni ukoka kwenye tuta, msipande miti: mizizi ikifa huacha mirija, na maji hupita humo hadi tuta linapasuka. Ng'ombe wapewe mlango wao, kwa maana njia yao juu ya tuta huwa bonde, na bonde hilo ndilo utoro ambao hamkuupanga. Kibali kiombwe Bodi ya Maji ya Bonde, na mhandisi alione kabla ya kujaa.

Nyumba, ghala na kisima

Paa la tembe la mita 4 kwa 6 lenye udongo wa sentimita 20 lina karibu mita za ujazo 5, yaani takribani tani 7 likiwa kavu. Kila mwaka likiongezwa udongo kuziba uvujaji, uzito unapanda huku mchwa wakila nguzo. Kwa hiyo, kila Novemba chimbua shina la kila nguzo na choma kwa kisu. Kikizama, badilisha. Udongo wa zamani uparuliwe kabla ya kuweka mpya. Kitanda kikae karibu na nguzo nzima, siyo chini ya katikati ya boriti.

Kwa nyumba ya tofali, fedha ikiwa ndogo, iende kwenye mkanda wa zege unaozunguka kuta zote bila kukatika: nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20, na kwenye kona nondo zipinde na kupishana, zisiishie pale. Acha waya au vipande vya nondo vilivyozama kwenye mkanda na uvifunge kwenye kenchi. Mkanda huohuo unashika kuta wakati wa tetemeko na paa wakati wa upepo. Paa lililopigwa misumari kwenye tofali la juu tu, upepo hulibeba pamoja na tofali hilo.

Nafaka: mtama na uwele vikaushwe juu ya turubai, siyo ardhini. Kupima unyevu, tia konzi ya nafaka na kijiko cha chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha juani. Ghala liinuliwe juu ya alama ya maji mliyoipima.

Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani na upande wa chini wa mteremko. Mdomo wa kisima uinuliwe nusu mita juu ya alama ya mafuriko, na maji ya kisima kilichofunikwa yasinywewe hadi kitakapotolewa maji na kutiwa klorini.

Kengele

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili kabla mvua hazijaanza, na tahadhari za kila siku kwa rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mvua kubwa kwa kipimo chao ni zaidi ya milimita 50 kwa saa 24. Utabiri huo ni wa eneo pana, na korongo lenu linaweza kujaa kwa mvua ya dakika arobaini kwenye kilima kimoja. Mtu wa kipima mvua cha juu awe na namba tatu za watu wa bondeni, siyo moja. Mkikuta milimita 25 ndani ya saa moja, piga simu, na wa bondeni apige kengele ya kanisa, kipaza sauti cha msikiti au filimbi, kwa mlio waliokubaliana. Mlio wa mafuriko usifanane na wa moto: wa moto unawaita watu waje, wa mafuriko unawaambia waondoke. Njia ya kuondokea isipite kwenye kivuko. Namba ya Zimamoto, 114, iandikwe mlangoni mwa ofisi ya kijiji.

Jaribuni mlio huo Novemba na tena Februari, usiku mmoja na mchana mmoja. Mwezi Mei rudini kwenye jedwali, badilisheni alama kulingana na msimu uliopita, na nakala moja ya daftari ikae shuleni, kwa kuwa ofisi ya mtendaji nayo ina paa.